Nafasi Moja ya Reli

Katika mji wetu wa Minehara, mzazi akimsifu mwanawe mbele za watu, watu hutazamana. Pale pale hawasemi kitu. Akishaondoka ndipo wanaposema, na watasema kwa miaka. Kwa hiyo wazazi wetu wamezoea kuwaponda watoto wao hadharani: huyu wangu mvivu, huyu wangu kichwa kizito, huyu sijui nani atamchukua. Anayesikia naye ana wajibu wake. Hana budi kukataa. Atasema, "Aa, wapi, mama! Mtoto hodari kama huyu?" Mzazi ataponda tena, msikilizaji atakataa tena, kisha mzazi atainamisha kichwa na kusema basi, kama wewe unaona hivyo, asante. Mambo huishia hapo, na kila mtu ameonekana ana adabu. Mtoto aliyesimama katikati yao hakuna anayemuuliza amesikia nini.

Wengine huita huo unyenyekevu. Mimi siuiti hivyo. Mnyenyekevu hujishusha mwenyewe. Anayemshusha mtoto wake ili yeye asifiwe kwa adabu anastahili jina lingine.

Shigeno Kinue hakuwa mama mbaya, na nasema hivyo kabla sijaeleza alichokifanya. Alizaliwa hapa hapa Minehara, binti wa fundi wa mikeka, wa mwisho katika nyumba iliyojaa wasichana. Aliolewa na dereva wa gari la kusukuma theluji, akaingia katika nyumba ya mama mkwe ambaye somo lake la kwanza lilikuwa hili: jirani akisifu achari yako, mwambie ina chumvi, akisifu bustani yako, mwambie ni magugu matupu, akisifu mtoto wako, mwambie hajamjua bado. Kinue alijifunza vizuri. Mume alikufa kwa ugonjwa wa ini binti yao akiwa bado mdogo, mama mkwe naye akafuata, na Kinue akabaki na mtoto mmoja, Itsuka, na kazi ya kufua mashuka ya hospitali.

Itsuka alipokuwa shule ya msingi alishinda mbio za siku ya michezo. Jirani akawakuta njiani.

"Mama Itsuka, hongera! Mtoto anakimbia kama paa!"

"Aka, bahati tu hiyo. Wenzake walijikwaa."

Hakuna aliyejikwaa. Itsuka alikuwa amesimama pale pale, utepe wa ushindi kifuani, akamtazama mama yake, kisha akauvua ule utepe na kuutia mfukoni. Jioni, mtoto alipokuwa anaoga, Kinue aliutoa mfukoni akauweka kwenye madhabahu ndogo ya nyumbani, mbele ya picha ya mumewe, akamnong'oneza, "Umeona? Amewaacha mbali kabisa." Ndivyo alivyofanya miaka yote. Marehemu alisikia sifa za binti yake kila wiki. Binti mwenyewe hakusikia hata moja.

Akakua msichana wa maneno machache na mikono mikubwa, mikono ambayo haikujua kukaa bure. Aliingia shule ya ufundi, darasa la mitambo, ambako wasichana walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika mwaka wa pili shule iliwapeleka wanafunzi kuonja kazi za mjini kwa wiki moja. Itsuka alipelekwa karakana ya reli, ile reli yetu fupi ya mabehewa mawili mawili inayopanda hadi kwenye chemchemi za maji moto. Alirudi nyumbani ananuka grisi, na mezani akasema maneno mengi kuliko aliyokuwa ameyasema mwaka mzima.

"Mama, gurudumu la treni ukiligonga na nyundo linalia, unajua? Likiwa zima linalia hivi, tiiin. Likiwa na ufa, sauti inakwama. Unasikia kabisa."

"Usiongee na chakula mdomoni."

"Nataka kufanya kazi pale."

Kinue aliweka vijiti vyake chini. "Pale karakana? Wale wanaume watakucheka, wewe."

"Fundi mkuu amesema nina sikio zuri."

"Alikuwa anakufanyia adabu tu. Kula."

Lakini kuanzia siku ile Itsuka hakutaka kitu kingine. Alishika nafasi ya kwanza darasani, akaishikilia. Siku za mapumziko alikuwa anakwenda kusimama karibu na geti la reli, anasikiliza mabehewa yakipita. Kinue alijua. Alimweleza mumewe mbele ya ile picha, tena kwa fahari: binti yako atatengeneza treni.

Kwetu mtoto wa shule ya ufundi hatafuti kazi mwenyewe. Kampuni huiandikia shule, na shule huamua nani apelekwe wapi, mtoto mmoja kampuni moja. Akishakubaliwa hawezi kukataa wala kujaribu kwingine. Reli ilikuwa na nafasi moja kila mwaka, na mwaka ule ajira zilikuwa zimekauka kama kisima cha kiangazi. Kiwanda cha vipuri kilichokuwa kikiwachukua vijana wetu kwa makundi kilikuwa kimefungwa. Aliyekosa reli angekwenda kokote atakakotupwa.

Mwenye kuamua alikuwa Mwalimu Karasawa, mkuu wa ushauri wa kazi na mwalimu wa darasa la Itsuka. Alikuwa mtu wa tai iliyonyooka na maneno mazuri. Kila Jumatatu aliwahutubia wanafunzi juu ya kujijua. "Jijue, kisha uchague!" alikuwa anasema, na kuwachoresha mti wa maisha yao, mizizi, matawi na matunda. Aliwapa maswali ya kujipima: je, ninajiamini, je, ninaweza kuongoza wenzangu. Hakula rushwa ya mtu. Angekula, ingekuwa rahisi kumhukumu.

Ila majira ya kuchipua, kwenye meza ya pombe, ofisa ajira wa reli alikuwa amemmiminia kikombe na kumwambia, "Mwalimu, na mwaka huu tuletee kijana wa kubeba vitu vizito, eh?" Sheria inakataza kampuni kusema haitaki wasichana. Kwa hiyo hakusema. Karasawa alielewa, akacheka, akanywa. Aliogopa kwamba akipeleka msichana, mwaka unaofuata nafasi ile itakwenda shule nyingine. Lakini Itsuka alikuwa wa kwanza darasani, na kwa taratibu za shule hakuwa na njia ya kumruka. Ilibidi ajitoe mwenyewe.

Aliyetajwa wa pili kwa nafasi ile alikuwa Otaki Genta, mwana wa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, kijana mpole, mnene kidogo, mdakaji wa timu ya besiboli. Genta alitaka kwenda mji wa Sendai kujifunza kupika tambi. Baba yake alitaka aende reli. Hakuna aliyemuuliza Genta, kama ambavyo hakuna aliyemuuliza mtu yeyote katika habari hii.

Mwezi wa saba, kabla ya likizo, hufanyika kikao cha watu watatu: mwalimu, mzazi, mwanafunzi, darasani, madawati manne yakiwa yameunganishwa. Kinue alikuja amevaa koti jeusi alilovaa msibani, jasho linamtiririka, nyenje wanapiga kelele dirishani. Aliinama mara nyingi kabla ya kukaa. Njiani alikuwa amejiambia kitu kimoja tu: leo nisimtie mtoto aibu, niongee kama mzazi aliyefunzwa.

"Itsuka anaomba reli," Karasawa alianza. "Nyumbani mnaonaje, mama?"

Hilo ndilo swali lililokuwa limebeba maisha ya yule msichana. Kinue aliinamisha kichwa.

"Mwalimu, kwa kweli tunaona aibu hata kuomba. Mtoto wetu huyu ni mzito, mchafu, hana akili ya kutosha. Akienda kule atawasumbua watu wa reli tu."

Akanyamaza, akisubiri. Zamu ilikuwa ya mwalimu. Alitakiwa kusema wapi mama, Itsuka ni wa kwanza darasani. Kila mtu Minehara anajua zamu hiyo, mwenye duka la tofu anaijua, mtoto wa chekechea anaijua. Karasawa aliijua kuliko wote. Alikuwa amekaa kwenye dawati lile tangu asubuhi akiwakatalia wazazi wengine wote, mmoja baada ya mwingine, kwa tabasamu.

Safari hii hakukataa. Aliandika kitu. Kinue alisikia kalamu ikitembea juu ya karatasi, na shingo yake ikaanza kukakamaa kwa kuinama.

"Ni mkaidi pia," akaongeza, maana alidhani labda hakusema vya kutosha. "Nyumbani hata kuosha vyombo ni mpaka asukumwe."

"Nashukuru, mama," Karasawa akasema. "Wazazi wengi hunificha. Wewe umesema ukweli. Hakuna anayemjua mtoto kama mama yake."

Kinue akainua kichwa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyenyoosha mkono apokelewe mzigo, aliyepo mbele akauacha uanguke.

"Na wewe Itsuka, ndivyo unavyojiona? Kwenye maswali ya kujipima, penye 'ninajiamini', umejipa alama ya chini kabisa."

Wasichana wote wa darasa lile walikuwa wamejipa alama ya chini kabisa. Msichana gani wa kwetu angejipa ya juu? Karasawa aliyasahihisha yeye mwenyewe, alijua. Itsuka aliangalia magoti yake. Kumpinga mama yake mbele ya mwalimu kungekuwa kumvua nguo hadharani. Tena kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi: alikuwa ameamini. Aliyesikia jambo miaka kumi na saba kutoka kinywa kimoja huliamini.

"Kama mama anaona hivyo," akasema.

"Vizuri. Kujijua ndio mwanzo wa kuchagua. Basi reli tuiache, tukutafutie mahali pa kukufaa."

Walitembea hadi darajani. Hapo Itsuka akasimama.

"Mama, kweli ndivyo unavyoniona?"

"Mbona unauliza maswali ya kitoto? Ndivyo watu wanavyoongea."

"Mwalimu hakuongea hivyo."

"Alikuwa amechoka. Nitakwenda kumwona."

Alikwenda. Wiki ile ile, alasiri, na boksi la biskuti za mchele limefungwa kwa kitambaa. Itsuka alikuwa kwenye usafi wa ushoroba, na Karasawa alipomwona Kinue mlangoni pa ofisi ya walimu, akamwita na binti pia. Nawaza mara nyingi kwa nini alimwita. Nadhani alijua kwamba mbele ya mtoto, na mbele ya walimu wengine, mama yule hangeweza. Akawasimamisha wote wawili kando ya meza yake.

"Haya, mama. Kuna tatizo?"

"Mwalimu, samahani sana kukusumbua. Ni juu ya ile habari ya reli. Nilisema vibaya siku ile."

"Ulisema vibaya vipi? Ulinidanganya?"

"Hapana, hapana! Sikudanganya. Ila, yaani, mtoto anaipenda sana ile kazi."

"Kupenda si kufaa. Reli ni usalama wa watu." Alisema kwa sauti ya upole, sauti ya kusikika hadi meza ya mwisho. "Sasa ipo hivi, mama. Nimekwisha mpa jibu mzee Otaki kwamba Genta ndiye anayekwenda. Ila bado sijawaandikia reli. Naweza kubadilisha. Niambie tu wewe mwenyewe, kwa kinywa chako: mtoto wako ni bora kuliko mtoto wa Otaki?"

Walimu waliacha kuandika. Mmoja akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Itsuka alimgeukia mama yake. Alimtazama, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumtazama usoni. Neno lililotakiwa lilikuwa ndiyo. Lilikuwa kweli tena. Alama zilikuwa pale pale mezani. Kinue alilijua neno hilo, alikuwa amelisema nyumbani mbele ya picha mara nyingi. Midomo yake ilifunguka.

"Wapi na wapi, mwalimu," akasema. "Mtoto wa Otaki na huyu wetu? Hapana."

Karasawa akainama kidogo. "Basi tumeelewana." Akalisukuma boksi la biskuti kurudi upande wa mama. "Hizi siwezi kupokea, kanuni za shule."

Itsuka alirudi kufagia ushoroba. Alifagia mpaka mwisho, akarudisha ufagio kabatini, akafunga mlango wa kabati.

Genta alipita mtihani wa reli. Itsuka alipelekwa kiwanda cha vyakula vya boksi kando ya barabara kuu, vile vinavyouzwa kwenye maduka yasiyofungwa. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mkanda unaotembea na kuweka tunda moja la plamu, jekundu, la chumvi, katikati ya wali. Boksi linapita, anaweka. Linapita, anaweka. Kofia, barakoa, glavu, macho tu ndiyo yanaonekana. Harufu ya siki iliingia kwenye nywele zake na haikutoka hata kwa kuoga.

Kabla ya kumaliza shule, Karasawa aliwakusanya wote waliopata kazi akawaonya. "Ukiacha kazi, hujiharibii peke yako. Unawafungia mlango wadogo zako wote wa shule hii. Kumbukeni hilo." Walikumbuka. Hilo ndilo walilofundishwa vizuri kuliko mengine yote.

Genta hakukumbuka, au alikumbuka akaona afadhali mlango ufungwe. Alikuwa hawezi kelele ya karakana, alitetemeka juu ya ngazi, mafundi walimwita Mpira kwa sababu ya tumbo lake. Baada ya sikukuu ya wafu ya mwezi wa nane hakurudi kazini. Aliacha ovaroli lake limekunjwa vizuri kwenye kabati na akapanda basi kwenda Sendai. Baba yake alitembea mji mzima akisema mtoto ni mgonjwa. Ofisa wa reli akampigia simu Karasawa, na mazungumzo hayakuwa marefu.

Kinue aliposikia habari hii sokoni, aliweka kikapu chini katikati ya watu akaenda shuleni vile vile, na buti za kazi, aproni ya dobi ikiwa bado imelowa. Hakusubiri kukaribishwa. Aliingia ofisi ya walimu, akasimama mbele ya meza ile ile.

"Nafasi iko wazi," akasema. "Mpe mwanangu."

"Mama Shigeno, tafadhali, keti kwanza."

"Siketi. Uliniuliza swali nikajibu uongo. Mwanangu ni bora kuliko mtoto wa Otaki. Ni bora kuliko wote waliokuwa darasa lile. Wa kwanza, mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho! Ana sikio la kazi ile, ana mikono, ana akili, haogopi kazi. Nyumbani anaosha vyombo bila kuambiwa. Umesikia? Bila kuambiwa!"

Alikuwa anapiga kelele. Mwanamke aliyeongea kwa kunong'ona miaka hamsini hajui kipimo cha sauti yake. Wanafunzi walijaa mlangoni, mmoja akacheka, wa pili akacheka, kisha wote.

Karasawa alingoja amalize. Namna alivyongoja siwezi kumsamehe.

"Mama," akasema, "reli haichukui ila wanaomaliza shule mwaka ule ule. Itsuka alikwisha maliza. Hata angekuwa fundi bora wa nchi hii, mlango wake ulikuwa mwaka jana. Na kwa taarifa yako, reli wameniambia mwaka huu hawataki mtoto wa shule yetu, awe wa kiume awe wa kike." Akafunga kalamu yake. "Ungeyasema haya siku ile, mama, nani angekukatalia?"

Huyo ndiye mwalimu wa kuwafundisha vijana wetu kuchagua. Yupo bado. Jumatatu iliyofuata alihutubia, na wanafunzi wapya wakachora mti.

Minehara ni mji mdogo. Kesho yake asubuhi, kwenye mkanda wa kiwanda, wanawake wa zamu ya Itsuka walikuwa wamekwisha jua. Aliyeanza ni yule aliyekuwa anaweka samaki, mwanamke mzima mwenye watoto watatu.

"Itsuka, kumbe tunafanya kazi na fundi bora wa nchi!"

"Nani kasema?" akauliza mwingine, ingawa alijua.

"Mama yake. Jana, shuleni, na buti za dobi. Alipiga ukelele mpaka mwalimu mkuu akatoka chooni."

"Loo! Kujisifia mtoto hadharani?"

"Eti anaosha vyombo bila kuambiwa!"

"Basi aoshe na vyetu!"

Walicheka mpaka msimamizi akagonga mkanda kwa kijiti. Itsuka hakuinua macho. Boksi linapita, anaweka. Lakini kwenye mapumziko alitapika, akasuuza mdomo, akarudi mahali pake. Kuanzia siku ile wakamwita Fundi Bora. "Fundi Bora, pisha kidogo." "Fundi Bora, plamu yako imekaa upande." Hata wapya waliokuja baadaye waliita hivyo bila kujua sababu.

Jioni ile alimkuta mama yake anapika. Akasimama jikoni bila kuvua koti.

"Ulikwenda kusema nini?"

"Nilisema ukweli."

"Ulikuwa wapi ukweli huo siku nilipokutazama?"

Kinue aligeuka na mwiko mkononi. "Itsuka, sikuweza. Walikuwa wanasikiliza wote. Ningesema vile, wangeniona mtu wa namna gani?"

"Kwa hiyo uliona afadhali wanione mimi."

"Mama yako siku zote alijua wewe ni..."

"Usiseme," Itsuka akasema. "Sasa hivi usiseme. Ukisema sasa naona unanicheka kama wale."

Kinue akageukia jiko, chakula kilikuwa kimeungua. Walikila hivyo hivyo.

Majani yalipoanza kuwa mekundu, Itsuka aliomba nafasi bwenini, kwenye nyumba ya kiwanda wanakolala wasichana waliotoka mbali. Yeye alitoka mwendo wa dakika chache, lakini waliompokea hawakuuliza. Msimamizi wa bweni, Bi Tomizawa, mwanamke safi wa makamo mwenye gari dogo jeupe, alikuja mwenyewe kumchukua. Kinue alitoka hadi nje, akapiga magoti kwenye kizingiti kama inavyotakiwa, viganja chini.

Bi Tomizawa akainama. "Mama, tunamchukua binti yako. Sisi wenyewe tunaona tumebahatika kumpata. Mfanyakazi mzuri sana."

Zamu ilikuwa ya mama. Mkono wa Itsuka ulikuwa tayari kwenye mlango wa gari. Ukakaa pale pale. Kinue aliinua uso. Angeweza kusema aa wapi, mtoto huyu mzigo, atawasumbua. Angeweza kusema ni kweli, ni mzuri, na mtunze. Alikuwa ameyasema yote mawili maishani mwake, na yote mawili yalikuwa yamemgharimu mtoto yule yule. Bi Tomizawa alisubiri, tabasamu lake likaanza kuchoka. Kinue alirudisha uso chini mpaka paji likagusa mbao, akakaa hivyo, bila neno.

Gari likaondoka. Walipofika kwenye geti la reli, vizuizi vilikuwa vimeshuka, taa inawaka na kuzima, na treni ya mabehewa mawili ikapita mbele yao. Bi Tomizawa alikuwa bado anawaza ya kule nyumbani.

"Mama yako hakunijibu hata neno moja," akasema. "Amenikasirikia?"

"Hapana," Itsuka akasema. "Tuwie radhi. Mama yangu hakufunzwa adabu, hajui kuongea na watu."

"Aa, wapi," Bi Tomizawa akasema. "Mama mzuri tu yule."

Vizuizi vikapanda, wakavuka.